Mke wa Msaga Nafaka na Paul Desroches

Zéphirine Lavoie aliolewa na msaga nafaka wa Saint-Alphée, kijiji cha kando ya mto huko Quebec, na kwa miaka mingi watu hawakumjua kwa lingine zaidi ya unga na watoto. Kumbe asubuhi, kinu kikianza kunguruma na mumewe Aldéric akishughulika na wateja, yeye alikuwa akiandika. Mwaka 1887 gazeti la kila wiki la mjini likaanza kuchapa hadithi yake, sura kwa sura, kwa jina la mwanamume: Paul Desroches. Mhariri ndiye aliyetaka hivyo. Alidai wasomaji wake wasingevumilia mke wa mtu awasimulie mambo ya wizi wa mirathi.

Hadithi ilishika. Baada ya misa watu walisimama kwenye theluji wakibishana kama Rosalie, binti aliyedhulumiwa shamba, atampata mwizi wake. Na kwa kuwa ilijaa mambo ya wosia na mipaka, wote wakamtazama Onésime, wakili wa kijiji, mdogo wake Aldéric, wakiamini ndiye Desroches. Onésime hakukubali wala hakukana. Alitabasamu tu akishika ndevu, na mialiko ya chakula ikawa mingi.

Zéphirine alivumilia mpaka siku ya harusi moja, alipomsikia shemeji yake akiwaeleza wageni jinsi kuiandika ile sura ya moto kulivyomtoa jasho. Kesho yake akaacha kuandika. Rosalie akabaki kitandani na homa, wiki baada ya wiki, na gazeti likaomba radhi. Watu wakamwandama Onésime kila njia: binti anapona au anakufa?

Mwishowe akaja kinuni, kofia mkononi.

"Shemeji, mponye huyo msichana. Wananimaliza mimi."

"Umejua lini kuwa ni mimi?"

"Tangu mwanzo. Yule shangazi mchoyo wa hadithini anaongea kama mama yetu, neno kwa neno."

"Basi mponye wewe. Si unatoka jasho?"

Kisha akamwambia ataendelea kuandika iwapo Onésime atasema ukweli mbele ya watu.

Akasema kweli, Jumapili, kwenye ngazi za kanisa. Watu wakacheka. Mmoja akasema hajapata kuona wakili mnyenyekevu namna ile, wengine wakampigia makofi. Zéphirine alikuwa palepale, akimfunga mtoto skafu. Aldéric alitaka kupaza sauti, mkewe akamvuta mkono.

"Waache. Twende, supu ya njegere itaungua."

Njiani Philomène, mjane muuza mayai, akawafikia huku akihema. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kwa sauti ya chini tu, "Mama Lavoie, atapona?"

"Atapona. Lakini shamba halipati."

Mjane akafikiri kidogo. "Afadhali. Akilipata, nani ataamini?"

Zéphirine aliandika hadithi nyingine kadhaa, zote kwa jina la Desroches. Moja tu ilitolewa kama kitabu, kwa karatasi mbaya. Alifariki mwaka 1919. Tangazo la kifo lilimtaja kuwa mke mwema wa msaga nafaka, na shemeji ya marehemu Onésime Lavoie, mwandishi.