Rauta Ndani ya Sanduku la Chuma

Supavaiza ndiye aliyefunga mlango. Ninaanza na hilo kwa sababu watu hupenda kuniuliza habari za moto, ulianzia wapi, ulisambaa vipi, na hakuna anayeuliza mlango ulifungwa na nani. Tulikuwa tukishona nguo za kupelekwa ng'ambo, kiwandani hapa Athi River, na yeye alitia kufuli eti tunaiba mashati. Mimi nilitokea dirishani. Mkono wangu wa kushoto haushiki sindano tena. Wako wenzangu ambao hawakutoka kabisa.

Kesi yetu na kiwanda ilipokuja kusikizwa, wakili aliniambia sitaenda kortini. Nitatoa ushahidi kwa simu. Nilifikiri hakimu atanipigia, nami nitapokea na kusema haloo. Kumbe ni mambo ya video. Siku ya kwanza laini yangu ilikatika hata kabla sijaapa, maana huku nyuma ya viwanda mtandao wa laini hupanda na kushuka unavyotaka.

"Mama, achana na bando," wakili akasema. "Tafuta waifai iliyotulia. Ukikosa tena, upande wao wataomba kesi itupwe."

Basi maisha yangu yote yakaning'inia kwa rauta ya ploti, hizi nyumba zetu za kupanga. Mwenye ploti alikuwa ameiweka juzi juzi ukutani kwenye korido, kitu cheupe chenye masikio, na akatupatia paswadi. Niliitazama sana. Chumbani kwangu hakukuwa na waya wowote, na bado simu ikaonyesha picha. Chumba cha mbele, jirani yangu mwenye saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, alivutiwa waya wa buluu hadi kwa kompyuta yake. Siku hizo hatukuwa tunasalimiana vizuri kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, lakini nilimuuliza kwa nini yeye ana waya na mimi sina.

"Mimi inaniletea kwa waya, nyinyi inawarushia kwa hewa kama redio," akasema kwa sauti ili wateja wake wasikie. "Lakini inatoka kwa rauta ile ile."

"Na ikirusha, inajuaje hii simu ni yangu?"

"Aiya, mwaitu!" akaniita mama kwa Kikamba. "Si uliandika paswadi?"

Wateja wakacheka. Niliandika paswadi, ndiyo, lakini bado sikuelewa. Siku nyingine vile vimistari vya simu vilijaa vyote na video haikufunguka. Nikarudi kumuuliza. Akaniambia vimistari vinaonyesha tu simu na rauta zinasikizana. Kama rauta yenyewe inasikika huko nje, hiyo ni habari nyingine. "Wewe umefika steji," akasema, "lakini gari ndiyo haijakuja." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Nilichojua ni kwamba nikikaa kitandani, simu ikiegemea kikombe, ninamwona wakili naye ananiona. Tulijaribu mara kadhaa. Ilikubali.

Asubuhi ya kesi nikavaa kitambaa cha kanisa, nikaketi, nikawasha simu. Jina la waifai ya ploti halikuwepo. Majina ya waifai za majirani wa mbali yalikuwepo, yetu hapana.

Nikatoka koridoni. Ukutani palikuwa na sanduku la chuma, rangi ya kijani bado inanuka, kufuli kubwa mbele. Hapa kwetu kila kitu cha maana hutiwa kwenye sanduku la chuma: mita ya stima, mfereji wa maji, hata kengele ya kanisa. Mwenye ploti alikuwa amemwita fundi wa kuchomelea jana yake, rauta ikaingizwa ndani. Nyaya zilitokea kwa katundu huko chini. Nilisimama nikiitazama ile kufuli.

Nikampigia mwenye ploti.

"Nimewawekea usalama na bado unalia?" akasema.

"Waifai imepotea. Niko na kesi saa hii. Njoo ufungue."

"Ufunguo niko nayo hapa Katangi, tunavuna ndengu. Na hewa haizuiliwi na sanduku, mama. Nyumba yako si ni ya mabati? Redio haiimbi ndani?"

Ni kweli redio yangu huimba ndani ya mabati. Nikaegemeza simu kwenye lile sanduku, jina likaja na kimstari kimoja, likaenda. Ndiyo maana ninamtaja yeye pia. Supavaiza na mwenye ploti, wote wawili waliogopa wezi, na aliyefungiwa ni mimi.

Yule wa saiba alichungulia mlangoni. Kwake kompyuta ilikuwa ikifanya kazi, mtu anachapishiwa karatasi bila shida.

"Yako inaendaje na yangu imekufa?" nikamuuliza.

"Yangu inapita ndani ya waya, imetokea hapo kwa katundu. Yako ni ya kurushwa, na amechomelea pande zote."

"Lakini redio yangu na mabati..."

"Nyumba iko na dirisha, mwaitu. Hiyo sanduku iko na dirisha?"

"Basi chomeka waya kwa simu yangu."

"Simu haina tundu ya hiyo waya. Kuja ukae hapa." Akamwambia yule mteja aondoke kwenye kiti. "Kamba tutagombania kesho." Akaandika linki ya wakili kwenye kompyuta, kisha akaenda kufunga mlango.

"Usifunge," nikasema.

"Watakusikia wote."

"Wasikie. Usifunge."

Akauacha wazi. Wateja wakasimama nje wakitazama. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na vidirisha vya watu: hakimu, karani, wakili wangu, wakili wa kiwanda, na yeye, supavaiza, amenenepa, amevaa tai. Karani aliniapisha. Nikaeleza moshi, nikaeleza tulivyogonga mlango. Wakili wangu akauliza ni nani aliyeufunga.

"Ni huyu," nikasema, nikamwekea kidole usoni. Alikuwa kulia, juu.

"Mama, hatuoni unaonyesha nani," hakimu akasema.

"Huyu hapa juu."

"Hapa kwangu juu ni karani."

Nje watu wakacheka. Nilichanganyikiwa kabisa. Kumbe kila mtu ana kioo chake, na vidirisha vimepangwa kivyake. Kidole changu kilimgusa yeye kwangu tu. Nikafikiri kesi imenipotea hivyo, kwa kidole.

"Taja jina, mwaitu," jirani yangu akanong'ona nyuma yangu. "Jina inafika."

Nikataja majina yake yote matatu, kama yalivyokuwa kwenye beji yake. Nikasema alifunga kwa mkono wake, na ufunguo aliutia kwenye mfuko wa shati akaenda kunywa chai.

Hakimu alikuwa akiandika. Niliangalia kile kidirisha cha kulia, juu. Kilikuwa cheusi, jina tu limebaki.

"Imekuwa nini?" nikamuuliza jirani. "Mtandao wake umekatika, ama amejizima mwenyewe?"

Akainama akatazama karibu. "Hiyo," akasema, "huwezi kujua ukiwa huku."