Mahindi Niliyopeleka Kwenye Kilio

Siku ile sikuweza kukaa. Naketi, nasimama. Nafagia uwanja niliokwisha kufagia, naenda mpaka kwenye lango, narudi. Kilio kilikuwa nyumba chache tu kutoka kwangu, hapa Shituru, na aliyefiwa na mama yake ni yule yule mwanamke aliyesema mashine yangu inakula watu.

Niseme wazi, maana sina shule ya kuzungusha maneno. Darasani nilikaa miaka michache, nikatoka. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Mimi nilianza kwa kufagia unga uliomwagika chini ya mashine za wengine, nauchekecha, nauuza kwa kopo. Leo mashine ya kusaga ni yangu, kibanda chake ni cha matofali ya kuchoma, na hakuna mwanamume aliyenishika mkono. Wanaoniita Mama kwenye avenue yetu, mtaa huu mzima, wananiita kwa haki.

Jirani yule alikuwa mtu wangu. Alikuwa akija na beseni lake la mahindi, anakaa juu ya gunia, tunachekana mpaka mota inanyamaza hatujui. Alipenda unga wa bukari, ugali wetu, uwe laini kama poda. Nilimwambia, "Weye unataka kupika bukari ao kupaka mutoto?" Mtoto alikuwa mgongoni, anapiga chafya kwa vumbi la unga.

Kisha mtoto akafa kwa homa. Na mwaka ule ule mimi nilikuwa nimefunga mota mpya. Huku kwetu mtu akipata kitu kikubwa na jirani akazika, watu wanaunganisha hayo mawili kama kamba na ndoo. Alisimama kanisani, saa ya ushuhuda, akasema aliota mtoto wake yuko ndani ya mashine, anasaga, uso mweupe. Hakutaja jina. Angetaja la nini? Mashine kwenye avenue yetu ni moja.

Wanawake wakaanza kupita mbele ya mlango wangu na mabeseni kichwani, wanakwenda kusaga mbali. Wakabaki wachimbaji wa mgodi wa Kamatanda, ambao wanaogopa shimo kubomoka kuliko ndoto ya mtu. Nilianza kuhesabu maadui kwenye kila dirisha. Watu wetu wa Kasai walishafukuzwa katika mji huu kwa maneno. Waliotufukuza walikuwa majirani, na mimi nilikuwepo, nilibeba godoro mpaka stesheni, nikarudi baadaye. Ninajua neno likianza kutembea linaishia wapi.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Mtu akifa kwenye avenue, mwenye mashine anazima mota mpaka maziko. Lakini kabla ya kuzima anasaga unga wa kilio. Bukari ya kwanza wanayokula waombolezaji inatoka pale. Ukiila umesema mbele ya wote kwamba huna neno na aliyesaga. Ukiikataa, umesema pia.

Kwa hiyo mama wa jirani yule alipofariki, macho yote yalinigeukia. Nami nikafanya kitu ambacho wenye shule wanakisifu: nikajiweka mahali pake. Nikawaza, huyu mtoto wake amekwenda, mama yake amelala ndani hajazikwa, na mimi nimpelekee unga wa mashine anayoamini ilimmeza mwanawe? Atameza vipi? Nikamhurumia kweli. Nikachukua gunia la mahindi mazima, mazuri, yaliyopepetwa, nikayatuma vile vile. Wayasage wanakotaka. Nilijiona nimempita hata pasta.

Mdogo wangu alirudi kutoka kilioni anakimbia, kitambaa kimemtoka kichwani.

"Yaya, dada yangu, weye umefanya nini?"

"Nimetuma mahindi."

"Mahindi! Bantu bote banasema mwenyewe amekubali. Banasema hata yeye anaogopa unga ya mashini yake!"

"Nilimuhurumia."

"Utakula huruma. Kuko muzee mumoja pale ku moto anauliza kama kilio ingine utatuma jembe, balime benyewe."

Sikucheka. Huruma yangu ilikuwa imefanya kazi ambayo ushuhuda wa kanisani haukuweza kuimaliza. Nilizunguka uwanja ule kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kisha nikafungua milango yote miwili ya mashine, nikawasha mota, nikamwaga mahindi kwenye mdomo wake. Kila aliyepita barabarani nilimwita. "Kuya uangalie! Ingiza kichwa! Uko unaona mutoto mule?" Wengine walichungulia, wengine waliharakisha miguu. Nilizima mota, nikatia beseni la unga kichwani mwenyewe, kwa umri huu, nikaenda.

Wanawake chini ya turubai waliacha kuimba. Hakuna aliyenipokea mzigo. Nikapita mpaka nyuma ya nyumba, kwenye vyungu, nikasonga bukari mwenyewe kwa ule mwiko mrefu wa kilio. Nikakata tonge la kwanza, nikalitia mdomoni likiwa linachoma. Nikameza. Walinitazama kana kwamba wanasubiri nianguke.

Ndipo mwenye kilio akatoka ndani. Alikuwa amekonda. "Mutuache kidogo," aliwaambia wanawake, nao wakatoka. Tukabaki wawili na moshi.

"Mama," akasema, "minye ninajua."

"Unajua nini?"

"Mashini yako haina kitu. Ninajua tangu siku mingi."

"Sasa juu ya nini ulisema?"

Akatazama mikono yake. "Kama haiko mashini, basi nani aliua mutoto yangu? Si minye? Nilisema homa itapita. Nilichelewa kumupeleka ku hopitali." Kisha akasema polepole, kama mtu anayeomba maji, "Uniachie ile mashini, Mama. Sina pengine pa kutua hii kitu."

Alikata tonge, akala. Akakata lingine. Alikuwa analia na kutafuna.

Nilimwelewa. Sijui kama nimewahi kumwelewa mtu namna ile, hata wale niliowazaa. Mimi pia nimezika, nami nilitafuta wa kumlaumu, nikamlaumu marehemu mume wangu ambaye hakuweza tena kujibu. Kama ningekuwa na kitu kingine cha kumpa siku ile, ningempa. Lakini alichoniomba ni kwamba mimi niwe mchawi ili yeye aendelee kuwa mama. Hicho sina.

"Nimekusikia, mwanangu," nikamwambia. "Basi tukule inje, mbele ya bantu."

"Hapana. Hapa tu."

"Inje."

"Mama, nakuomba."

Nilibeba chungu. Nikatoka mpaka chini ya turubai, nikasema kwa ile sauti yangu iliyozoea kushindana na mota: "Mwenye kilio amekula! Sahani ziko wapi?"

Mle nyuma hakukanusha. Mzee wa moto alinyoosha mkono wa kwanza. "Bon," akasema, "jembe itangojea." Watu wakacheka, na baada ya kucheka wakala.

Ya hospitali sikuyasema. Hadi leo avenue haijayasikia kwangu, na hata hapa nimebadilisha kidogo alichoniambia, asitambulikane.

Wateja walirudi. Yeye hajanisalimu tangu siku ile. Akiniona upande huu wa barabara anavuka. Anasema nina mdomo mbaya, na hajadanganya. Pasta alikuja kunionya kwamba adui anapendwa, hasukumwi. Nikamjibu, "Ninamupenda, njo maana nilisema nusu tu." Akaniuliza kama sikuweza kumvumilia mpaka azike. Sikuweza. Jalala lina mahali pake nje ya mji. Mimi ni mtu, siwezi kukaa watu wanamwaga juu yangu kila kinachowauma, hata kama ninajua kinauma vipi.

Lakini siketi vizuri. Nikisikia sauti za wanawake kwenye foleni nasimama kuangalia. Jumapili mashine ikinyamaza ndiyo mbaya zaidi, natembea mpaka kona, narudi, naenda tena.

Mahindi yake yanakuja. Anamtuma wifi yake. Wanadhani sijui, lakini beseni lile, lenye ukingo ulioshonwa kwa waya, mimi ndiye niliyelishona. Ikifika zamu yake nazima mota, natoa chekecheke ya kawaida, nafunga ile ya matundu madogo sana, nawasha tena. Kazi hiyo inachelewesha, na wachimbaji wana njaa.

"Mama, juu ya nini unatukawisha?"

"Mungoje," ninawaambia.

Unga wake unashuka laini kama poda. Wifi anafunga kitambaa, anabeba, haulizi. Mimi narudisha chekecheke ya wote.