Muuza Samaki na Marahaba ya Mwalimu

Dada muuza samaki wa mtaani kwetu hufunga tenga kwenye keria kwa mpira wa tairi, hulipiga makofi mawili, ndipo hupanda baiskeli yake ya Foniksi. Jana, siku moja kabla ya mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, mwalimu wetu wa michezo, mshindani mwenzake, alimtania: "Pumzika, binti! Kesho ukizama, hao perege watakucheka." Akaondoka kasi na baiskeli yake nyepesi. Dada akapiga makofi yake mawili, akamfuata na tenga limejaa. Nami nikawafuata kwa baiskeli yangu.

Alimfikia kwenye daraja la mto Lumemo. "Shikamoo, mwalimu." Mwalimu hakuwa na pumzi. Kwetu mkubwa hapitwi kabla hajaitikia, basi dada akapunguza mwendo, akaenda naye sambamba, anasubiri.

"Mara... haba."

Hapo ndipo alipompita.