Shangazi na Utando wa Viwavi

Shangazi yangu, fundi cherehani, hakuweza kuona uzi unaning'inia akauacha. Aliuvuta hata kwenye shati la mtu anayeongea naye, akauzungusha kidoleni.

Mwaka mmoja viwavi waliufunika mti wa uani kwa utando mweupe, wakautafuna mpaka matawi yakabaki matupu. Shangazi alishonea chini ya kivuli chake. Hakuwa na pengine. Baba, kaka yake, aliuchoma utando mchana, akaunguza tawi zima, na viwavi hawakupungua. Akaleta msumeno.

"Dada, huu umekufa. Kesho naukata."

"Uko hai. Niachie asubuhi moja."

"Utawashonea sare?"

"Nitawafumua."

Alipokuwa akishona alikuwa ameona kwamba mchana viwavi hutoka kula, na baridi ikiingia hurudi kulala ndani ya utando. Basi alfajiri alichukua ufito mrefu alioupigilia misumari nchani, akauchomeka kwenye utando na kuuzungusha taratibu, kama uzi kidoleni. Utando ukajiviringa na viwavi wake, ukaishia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Akaenda tawi kwa tawi. Baba ndiye aliyeshika ndoo.

Mti ulichipua, na Shangazi akashonea pale mpaka macho yalipomshinda.

Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa kitandani. Dirishani alimwona Baba amejinyoosha chini ya mti. Akavuta uzi kwenye mkono wa gauni langu, akacheka.

"Mwambie baba yako asogee. Hicho kivuli changu."