Maneno ya Ngoy Katika Kinywa cha Ndaya

Ndaya Léonie alizaliwa Kamina wakati reli ilikuwa bado mpya. Baba yake, Tshilumba, alitoka Kasai kuja kutandika mataruma, akamwoa msichana wa kijiji kimoja njia ya Kabongo na hakurudi tena kwao. Nyumbani baba aligomba kwa Kitshiluba, mama akajibu kwa Kiluba, na watoto wakawapatanisha kwa Kiswahili cha sité, mtaa wa Waafrika pale mjini. Kwa hiyo Ndaya alikua na lugha tatu, na hakujua kwamba siku moja mtu angezihitaji.

Aliolewa na Mwila, mtu mpole aliyepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwa shoka alipokuwa kijana. Kwenye reli walimwangalia mkono, wakamwambia aende. Kwenye maduka vilevile. Aliyemchukua alikuwa Kazadi Manassé, prezida wa koperative ya muhogo. Kazadi alikuwa amewahimiza wanachama wachange mpaka wakanunua mashini ya kusaga, na alipouona ule mkono alisema tu, "Inatosha kusukuma mufuko." Tangu hapo Mwila alirudi nyumbani kila jioni akiwa mweupe kwa unga, nyusi na masikio, na watoto wakamkimbilia wakicheka. Bukari, ugali wa muhogo, haikukosekana.

Mwaka 1958 ikafika zamu ya kuchagua prezida tena. Ngoy Amédée, karani mmoja wa mjini mwenye miwani na sauti nzuri, akasema anataka kiti cha Kazadi. Wanachama walikuwa wa aina mbili: wakulima wa vijijini walioleta muhogo, na akina mama wa sité, wengi wao wa Kasai, walionunua unga na kuuuza sokoni. Ngoy alihitaji kura za wote. Akaja kwa Ndaya.

"Mama Ndaya, bajomba yako banakaa njia ya Kabongo. Unipeleke kule. Na hapa sité utanitafsiria kwa bamama ya Kasai. Sitakusahau."

Ndaya alikubali. Mwila alisema haoni ubaya. Kutafsiri si kupiga kura.

Kule kijijini Ngoy alisimama mbele ya wajomba akaongea Kiluba kitamu. Alisema Kazadi anawanunulia muhogo kwa bei ya kutupa. Alisema jasho lao linawanenepesha wauzaji wa mjini, na mashini inakula faida yote. Akichaguliwa atapandisha bei ya muhogo, atauza mashini, na kila mkulima atapata fungu lake. Wajomba walipiga makofi. Mjomba mkubwa, Kitenge, alimfungia Ndaya kuku wawili wa kwenda nao.

Siku chache baadaye Ngoy alikusanya akina mama katika lupangu, yaani ua wa nyumba, ya Mama Tshiela, mwuza unga wa miaka mingi. Hapo aliongea Kiswahili, na Ndaya akawa anageuza kwa Kitshiluba, kwa sababu wale wazee hawakusikia Kiswahili vizuri.

"Ubaambie hivi," Ngoy alisema. "Kazadi iko napendelea bakulima. Anabalipa mingi kupita, njo maana unga iko bei kali. Minyi nitaishusha. Na mashini moja haitoshi. Minyi nitaleta ya pili."

Ndaya alifungua kinywa, maneno yakakwama. Mama Tshiela akauliza, "Anasema nini?" Ngoy akamkazia macho. Ndaya akatafsiri yote.

Walipotoka barabarani alishindwa kujizuia.

"Bwana Ngoy, kule kwa bajomba ulisema Kazadi analipa kidogo. Hapa unasema analipa mingi. Njo gani ya kweli? Na mashini, utaiuza ao utaleta ingine?"

Ngoy hakukasirika. Alivua miwani akaifuta kwa leso.

"Bwana yako amebakia na vidole ngapi kwa ule mukono?" aliuliza. "Nikikuwa prezida, minyi njo nitasema nani atabakia pa mashini. Weye tafsiri tu, mama."

Jioni ile Ndaya alimsimulia Mwila. Mwila aliacha kula.

"Nyamaza," alisema. "Kazadi akishinda, kazi tunayo. Akishinda huyu, na weye umemuharibia jina, tumekwisha."

Ndaya hakupata usingizi. Asubuhi alikwenda kwa Kazadi kwa mlango wa nyuma akamweleza. Kazadi alikuwa anatengeneza mkanda wa mashini, mikono imejaa mafuta. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Bantu baliona mashini kwa macho yao. Banaona gari inakuja kuchukua muhogo. Nitasema nini tena?"

"Useme, baba. Useme tu. Yule anazunguka kote anasema."

Lakini Kazadi hakuwa mtu wa maneno. Alirudia mkanda wake.

Siku ya uchaguzi watu walijaa kwenye uwanja wa shule. Mzungu wa Leta, wa serikali, aliketi kwenye kiti pembeni kuangalia. Wakulima walisimama upande huu, akina mama wa soko upande ule. Ngoy alianza kuongea juu ya umoja na maendeleo, na juu ya bei hakugusa lolote. Kitenge akapaza sauti: "Useme ile ya kupandisha bei ya muhogo!" Na upande wa pili Mama Tshiela akaruka: "Kupandisha? Sisi alituambia atashusha! Ndaya si yule pale? Njo alitafsiri. Aseme!"

Macho yote yakamgeukia. Ndaya alimtafuta Mwila katika umati akamwona amefumba macho. Lakini wajomba zake walikuwa upande mmoja, na akina mama waliomlea upande mwingine, na aliona hawezi kuwadanganya wote mahali pamoja. Akasema. Alisema kwa Kiluba yaliyosemwa sité, akasema kwa Kitshiluba yaliyosemwa kijijini. 

Ndaya alidhani mambo yameisha. Ngoy akacheka polepole.

"Asante, mama. Umesema kweli yote," alisema. "Sasa musikilize, wandugu. Mulimaji analia bei iko kidogo. Mama wa soko analia unga iko kali. Bote banasema kweli! Katikati yao iko nani? Kazadi! Ile faida ilipotelea wapi?"

Kelele zilizolipuka ziliwatisha hata watoto wa shule. Kazadi alisimama akajaribu kueleza bei ya mafuta ya mazuti, matairi ya gari, vipuri vya mashini. Hakuna aliyemsikia. Watu walipoambiwa wasimame nyuma ya wanayemtaka, mstari wa Ngoy ulizunguka uwanja. Kitenge alikuwa ndani yake, na alipopita karibu alimshika Ndaya bega kwa upendo.

"Wafwako, asante, mwanangu. Weye njo ulitufungua macho."

Ndaya alikaa chini pale pale mavumbini.

Mashini iliuzwa kwa mfanyabiashara kabla mvua hazijaanza. Mafungu hayakugawanywa. Bei ya muhogo ilishuka, unga ukapanda. Mwila alifukuzwa wa kwanza. Alikwenda Base, kambi ya jeshi la Wabelgiji, kutafuta kazi, wakamwangalia mkono. Akarudi kwa miguu, akalala akiwa ameugeukia ukuta. Ndaya alitwanga muhogo wa watu mpaka viganja vikachubuka, akilipwa bakuli la unga. Watoto walizoea kunywa maji na kulala. Mdogo wao, Lucienne, alianza kuvimba miguu, nywele zikawa nyekundu.

Mwishoni mwa mwaka uliofuata Leta ikatangaza uchaguzi wa baraza la teritware, yaani la wilaya. Kazadi aligombea, na Ngoy akagombea. Ngoy akaja tena kwenye lupangu ya Ndaya, safari hii na mfuko wa unga juu ya baiskeli.

"Kuko mukutano kwa Mama Tshiela," alisema. "Utatafsiri. Na kuko kazi ya ulinzi kwa bwana yako."

"Utasema nini juu ya Kazadi?"

"Kwamba njo sababu yake Kamina haina mashini. Alinunua ya kuoza, tukalazimika kuiuza."

Ndaya alitaka kumtemea mate. Akamwangalia Mwila mlangoni. Alikuwa anautazama mfuko. Ndani Lucienne alikuwa amelala, hata kulia hakulia tena.

Ndaya akautua mfuko kutoka kwenye baiskeli.

Mkutanoni alisimama pembeni ya Ngoy na kugeuza kila neno, na sauti yake haikukwama popote. Alipofika kwenye mashini ya kuoza, Mama Tshiela aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akaondoka bila kumtazama. Wengine walibaki kusikiliza.

Ngoy alishinda. Ile kazi ya ulinzi alipewa mtu mwingine. Unga wa mfuko ulimpa Lucienne nguvu ya kusimama kwa muda, kisha ukaisha, na Ndaya akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana muhogo wa kutwanga. Kwa Mama Tshiela hakubisha hodi.