Matriksi Nzima na Matriksi Mbovu

Mkuu wetu wa idara ya hesabu, hapa Iringa ninapofundisha, alikuwa na sentensi moja tu kuhusu matriksi, yale majedwali ya namba: determinanti, ile namba moja inayokokotolewa humo, ikiwa siyo sifuri, matriksi ni nzima, ikiwa sifuri, ni mbovu, wanafunzi wakariri, twende mbele. Mimi nikasema sikaririshi mtu. Nilitaka kidato cha sita wajue huo ubovu wenyewe ni nini.

Siku mkuu huyo alipokuja kukaa viti vya nyuma darasani kwangu, wanafunzi walikuwa wameng'ang'ania kwamba sifuri ikishaonekana ndani ya matriksi, basi imeharibika. Nikawapa habari za kwetu Mbeya. Mama yangu hakuwahi kusemezana na baba mkwe wake. Akimwona njiani anachepukia migombani, kajitanda khanga. Ndiyo heshima ya Kinyakyusa. Kati yao wawili, sifuri tupu. Lakini mkutanishe na mawifi zake, utakoma kwa maneno! Nikachora jedwali ubaoni, nani husema na nani, na wasiosemezana nikawawekea sifuri. Sifuri moja haimfuti mtu. Matriksi ni mbovu pale tu inapokuwepo vekta, ile safu ya namba inayosimama kama mtu katika jedwali letu, ambayo yenyewe siyo sifuri, lakini uikutanishe na yoyote, jibu ni sifuri. Hata tensa, ndugu ya matriksi inayokutanisha watatu kwa mpigo badala ya wawili, swali ni hilohilo.

Darasa lilicheka, likaelewa. Mkuu wa idara hakucheka.

Kwenye kikao cha walimu akasema naleta mambo ya migombani kwenye hesabu, kwa hiyo ninyang'anywe kidato cha sita, nirudi kidato cha kwanza. Nililipenda lile darasa, jamani. Nikamtazama mwalimu wa fizikia, ambaye kila mara huja kwangu nimfafanulie vekta. Akainamia simu yake. Wa kemia akakoroga chai iliyokwisha kukorogeka. Nikawazungukia wote kwa macho, mmoja mmoja, hakuna aliyefungua mdomo.

"Umeona, Madam," mkuu wa idara akasema. "Hakuna anayekuunga mkono."

Nikasimama. Nilikuwa na hasira, na sikuificha.

"Nimeona, Mwalimu. Kila mtu humu ndani amenipa sifuri. Ila mimi siyo sifuri, na ninyi mnajua. Kwa hiyo kibovu hapa ni hiki kikao, siyo mimi."