Ndoo ya Maji ya Kutu

Siku ya kupandisha mashua nchi kavu huwa na kelele nyingi katika bandari ndogo ya chama cha mashua karibu na Naantali, pwani ya Ufini. Kreni hunguruma, watu hufokeana kuhusu kamba, na supu ya njegere huchemka kwenye sufuria kubwa kando ya ghala. Lakini mashua ikishakaa juu ya magogo yake, kila mtu hugeukia yake na kufunga mdomo. Watu wa pwani ile hawaingilii kazi ya mtu asiyeomba msaada. Na kuomba msaada kwao ni kugumu kuliko kujitosa kwenye maji ya barafu, jambo ambalo hulifanya kwa kupenda.

Tellervo Rautio, mpishi mstaafu wa shule, alikulia katika desturi hiyo. Vuli ile alikuwa peke yake. Mumewe, Kaarlo, alifariki theluji ilipokuwa ikiyeyuka, akamwachia mashua yao ya tanga, Pilkku. Binti yao, Outi, alitaka iuzwe. Mwishowe mama na binti wakakubaliana: Tellervo aiandae mashua kwa majira ya baridi yeye mwenyewe. Majira ya machipuko yakifika, baridi ikiisha, na injini ikawaka, Pilkku inabaki. Injini ikiwa imepasuka, mashua inauzwa, na hakuna kubishana.

"Mama, maji yakibaki ndani ya injini yataganda, yatatanuka, na chuma kitapasuka," Outi alimwonya kwenye simu asubuhi. "Miaka yote Baba ndiye aliyefanya. Wewe ulikuwa unashika tochi tu."

"Nilishika tochi nikiwa na macho, mwanangu."

Redio ilikuwa imetangaza kwamba usiku huo kungeganda. Tellervo akapanda ngazi na spana yake, akafunua kifuniko cha injini. Ilikuwa injini ya zamani, ya zile zinazopozwa kwa maji ya bahari yenyewe. Akaweka ndoo chini ya koki iliyo ubavuni mwake, akaifungua. Hakikutoka kitu. Alisubiri, akainama, akachungulia. Hata tone.

"Basi imejikausha," akajisemea. Si mashua ilikuwa nje ya maji tangu asubuhi? Akaendelea na kazi nyingine.

Kazi ya kutoa maji ya kunywa ilimpa raha. Alipampu maji ya tangi mpaka pampu ikakohoa hewa, kisha akamimina ndani yake vodka ya bei rahisi. Kaarlo hakuruhusu dawa yoyote ya dukani iguse bomba la maji ya kahawa yake. Alisema vodka haigandi na haijawahi kumuua mtu aliyeionja kidogo. Tellervo akapampu tena mpaka bomba la jikoni likanukia kama harusi. Akajikuta anaimba kwa sauti ya chini.

Iliyobaki ilikuwa injini: kuinywesha dawa ya rangi ya waridi inayozuia maji kuganda. Alipoinama kuiondoa ndoo, mkono wake ukasita. Ndoo ilikuwa nyepesi mno, kavu. Kila vuli Kaarlo alishuka ngazi na ndoo ile ikiwa imejaa maji ya kahawia, na kila vuli yeye alimgombeza kwa sababu yalimwagika na kuacha madoa kwenye vipandio. Mwaka huu ngazi ilikuwa safi.

Maji ya kahawia yako wapi?

Alikaa pale na spana mapajani. Akifunga kifuniko aende zake, hakuna atakayejua mpaka machipuko. Akitoa kichwa nje aulize, bandari nzima itajua leo. Chini, jirani yake Armas, rafiki wa Kaarlo tangu ujana, alikuwa akifagia changarawe kando ya mashua. Tellervo akatoa kichwa.

"Armas."

"Naam!" Alijibu haraka mno.

"Nimefungua koki ya injini, haikutoa hata tone. Sielewi. Naomba uniangalizie."

Ufagio ukaanguka. "Shemeji, nilidhani hutauliza kabisa! Nimefagia hapa mpaka naona udongo."

"Si ungesema tu?"

"Ningesemaje? Hukuniuliza."

Kutoka kwenye sufuria ya supu, mkewe Kerttu akapaza sauti: "Nami nashangaa! Nyumbani hajui ufagio uko wapi, leo anafagia mawe. Nikasema mume wangu ameokoka!"

Watu wakacheka. Armas akapanda ngazi, masikio mekundu, akatoa mfukoni kipande cha waya kilichopindwa ncha.

"Umekibeba tangu lini?" Tellervo akauliza.

"Tangu nilipokuona na spana. Kutu huziba kwa ndani, koki inakuwa wazi na maji hayatoki. Shika mwenyewe. Mashua ni yako."

Tellervo akachokoa. Mara ya kwanza, hakuna. Akazungusha, akasukuma, na kitu kikalegea. Yakatoka matope, kisha maji ya kahawia, kwa nguvu, yakagonga ndoo mpaka ikakaribia kujaa. Akacheka peke yake kama mtoto.

Baadaye alifunga koki, akawasha injini huku bomba lake la kuvutia maji likiwa ndani ya dawa, na Armas akasimama nyuma ya mashua akiangalia ekzosi, mahali dawa ingetokea ikishapita injini nzima.

"Waridi!" akapiga kelele. "Shemeji, inatema waridi!"

Wakati wa kushuka, ndoo ilimwagika kidogo. Doa la kahawia likabaki kwenye kipandio. Hakulifuta.

Machipuko yalipofika, Outi alikuja siku ya kushusha mashua majini. Alisimama mlangoni, mikono kifuani. Tellervo akabonyeza kitufe cha kuwashia injini. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akabonyeza tena, ikashika, ikaanza kudunda ule mdundo wake mzito, na maji yakaruka kutoka kwenye ekzosi. Outi akapiga magoti, akapitisha kiganja chini ya injini taratibu, kila upande. Kiganja kikatoka kikavu.

Kahawa ikamiminwa. Outi akaonja, akakunja uso.

"Mama, hii ina vodka!"

"Kidogo tu. Mabomba nimeyasuuza. Kunywa."

Outi akanywa. Akakitazama kikombe alichoshika, cha zamani cha baba yake, kisha injini.

"Na vuli ijayo, nani atakushikia tochi?"

"Wewe," Tellervo akasema, akimwongezea kahawa. "Uje na macho."